Sikio na Nozeli ya Tatu

Watu wananiita Sikio, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Nililipata gereji, enzi ambazo wenzangu walikuwa wakifungua injini nzima kutafuta ugonjwa, nami nimesimama kando nimekunja mikono, nawaambia, "Msijisumbue, ni beringi ya mbele." Wanacheka, wanafungua, wanaikuta beringi ya mbele imekwisha. Ukishapewa jina la namna hiyo unalivaa kila siku, hata siku ambayo halikutoshi. Mafundi wengine siku hizi wanachomeka kompyuta kwenye gari, kompyuta inawaambia kinachouma. Sawa, kila mtu na chake. Lakini magari ninayotengeneza mimi ni ya zamani, hayana hata tundu la kuichomekea hiyo kompyuta. Yanataka mtu wa kuyasikiliza.

Chombo changu cha kusikilizia ni kipande cha mpira wa mafuta, urefu wa mkono hivi, nilichokikata kwenye gari lililokwisha kufa. Ncha moja naigusisha pale ninapopashuku, ncha nyingine naishindilia sikioni. Lazima uishindilie kwelikweli ili sauti isivuje. Daktari ana chake cha kusikilizia vifua, na mimi nina changu, na changu hakihitaji cheti.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie habari za baba yangu. Baba alikuwa fundi wa bodi. Alinyoosha mabati ya magari kwa nyundo maisha yake yote, na nyundo ikamla masikio. Alipofika umri kama wangu wa leo, kila ukimwambia neno anasema, "Eh?" Mama akaanza kupaza sauti. Baadaye akachoka kupaza, akawa anasema yale ya lazima tu: chakula tayari, mvua inakuja, kuna mgeni. Mwisho hata hayo akawa anayaonyesha kwa mkono. Walipendana, sina shaka hata kidogo, lakini nyumba ile ilikuwa kimya mpaka saa ya ukutani ikawa ndiyo msemaji wa familia. Daktari alimwambia baba hakuna dawa, arudi nyumbani azoee. Nilikulia ndani ya kimya kile na nilikichukia. Nikajiapiza kwamba mimi sitashika nyundo, nitakuwa fundi wa injini, na masikio yangu nitayatunza kama macho.

Basi miezi ya karibuni dunia ikaanza kuninong'oneza. Mwanzoni nililaumu watu. Niliona kila mtu amekuwa mvivu wa kufungua mdomo, wateja wanamung'unya maneno, redio zinatengenezwa ovyo. Kisha siku moja nikapita karibu na cherehani ya mke wangu, yeye ni fundi wa nguo na anashonea barazani kwetu, nikaona mguu wake unakanyaga na sindano inapanda na kushuka, lakini sauti yenyewe inanijia kwa mbali, kana kwamba anashona nyumba ya tatu. Moyo ukanipasuka paa! Nikajua. Sikio la kulia ndilo nililokuwa nikisikilizia magari, nikasema limechoka kwa kazi, nikahamishia mpira kwenye la kushoto. Haukupita muda, na la kushoto nalo likachoka.

Nikaficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na gereji. Ningemwambia nani? Fundi anayeitwa Sikio aseme hasikii? Nikajifunza kusoma midomo. Wenzangu wakicheka nami nacheka. Siku moja nikacheka peke yangu kwenye habari ya msiba, ikabidi nijifanye nimepaliwa na chai. Mtu akiniita nyuma yangu nisipogeuka, anadhani nina maringo. Bora maringo.

Na kilichonichosha zaidi ni mke wangu. Mwanamke mpole yule, ambaye zamani alikuwa akipiga hadithi tangu nikivua viatu mpaka taa izimwe, akageuka kuwa mtu wa makelele. "BABA WATOTO, MAJI YA KUOGA!" "BABA WATOTO, FUNGA GETI!" Kama mkuu wa gwaride. Na zaidi ya hapo hasemi kitu. Nikasema moyoni, ala, kumbe ndoa ikikomaa inakuwa hivi. Nikanuna. Nikawa narudi nyumbani, naamrishwa, nakula, nalala.

Nilikuwa katika hali hiyo Mama Mikate alipoleta gari lake. Mama Mikate ana tanuri mtaa wa pili na gari dogo la zamani ambalo siti za nyuma zimetolewa ili kreti za mikate ziingie. Kila alfajiri lazima lizunguke madukani, mikate ikiwa bado ya moto. Siku ile liliingia gereji likitetemeka kama lina homa, na yeye mwenyewe usukani umemtingisha mpaka kilemba kimelegea.

"Fundi wangu," alisema, nami nikamtazama midomo, "halina nguvu. Kwenye mlima karibu nishuke nilisukume."

Nikafungua boneti. Kazi nilikuwa naijua, na kazi haikuhitaji masikio mwanzoni, hilo lilinipa moyo. Nikachomoa plagi zote nne nikazipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya afya. Ile ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe na kavu kabisa, kama haijawahi kuonja mafuta. Nikaijaribu, cheche inatoka nzuri. Maana yake moto upo, ila chakula hakifiki, na mpeleka chakula kwenye injini kama ile ni nozeli: kidude kidogo kama kidole, kila silinda na chake, kinachonyunyiza petroli ndani.

Nikarudisha plagi, nikawasha, nikafanya jaribio la kumkamata mvivu. Unachomoa waya wa nozeli moja moja injini ikiwa inanguruma. Ukichomoa wa mfanyakazi, injini inayumba na kulalamika. Ukichomoa wa mvivu hakuna anayejali, maana hata alipokuwepo hakuwa na faida. Nilichomoa wa kwanza, injini ikacheza karibu izime. Wa pili, vilevile. Wa tatu, kimya, hakuna kilichobadilika. Wa nne, ikayumba tena. Mambo yote hayo niliyaona kwa macho na kuyahisi kwa mkono niliouweka juu ya bodi.

"Ya tatu," nikatangaza. Mama Mikate akatikisa kichwa kwa heshima.

Lakini hapo bado hujamaliza. Nozeli isipofanya kazi, ama umeme haufiki ama imeziba, na ili ujue ni lipi kati ya hayo, unaisikiliza. Yenye umeme inagonga ndani yake, tik tik tik, kama ukucha unavyogonga kikombe. Ikigonga na bado hainyunyizi, imeziba. Isipogonga, tafuta waya.

Kando yangu alisimama Waya. Huyu ndiye fundi umeme wetu, mwembamba kama jina lake, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukigawana spana moja. Alikuja kuangalia tu, kama kawaida yake kazi inapokuwa ya mwenziwe. Nikachukua mpira wangu, nikagusisha ncha kwenye nozeli ya tatu, nikashindilia ncha nyingine sikioni. Sikusikia kitu. Nikahamia ya kwanza, ile ambayo nilikuwa nimeiona kwa macho yangu inafanya kazi. Sikusikia kitu. Ya pili, ya nne, kimya kitupu. Nikabadilisha sikio. Ilikuwa kama nimeweka mpira kwenye ukuta.

Injini inanguruma mbele yangu, nozeli tatu zinapiga kazi, na mimi sizisikii. Jasho likanitoka mgongoni. Nilimwona baba amekaa kwenye kiti chake, anatabasamu ovyo mbele ya watu wanaozungumza.

"Vipi?" Waya aliuliza.

Hapo ningeweza kusema kweli. Badala yake nikachomoa mpira, nikajikausha, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Haigongi. Umeme haufiki. Ndugu yangu, hii sasa ni kazi yako."

Waya akavua shati la juu akaingia kazini. Alifuata nyaya tangu nozeli mpaka ndani ya dashibodi, akabandua utepe wa zamani, akafungua soketi, akazisafisha, akazifunga upya. Mama Mikate alikaa kwenye benchi letu akimpigia simu dada yake, na kwa jinsi alivyokuwa akipunga mkono nilielewa anatafuta mtu wa kumpa gari la alfajiri. Kila nikimwangalia roho inanisuta. Nikajifanya nina shughuli na magurudumu ya gari lingine.

Mchana Waya akanigusa bega. Ameunga taa yake ya kupimia kwenye soketi ya nozeli ya tatu, na taa inapepesa vizuri, haraka haraka, kama inavyotakiwa.

"Umeme unafika," alisema.

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Unafika."

"Basi umekosea kuunga taa!"

Nilikuwa nimepaza sauti mpaka watu wakageuka. Waya akaichomoa taa yake. Alirudisha soketi mahali pake, akawasha gari, akauchukua mpira wangu, akaugusisha kwenye nozeli ya tatu na kuuweka mlangoni mwa sikio lake. Akasikiliza. Akaenda ya kwanza, ya pili, ya nne. Kisha akazima gari, akanishika mkono kama mtu anayemvusha kipofu barabara, akanipeleka nyuma ya kibanda cha vifaa, mahali ambapo hakuna macho ya watu.

Akasimama uso kwa uso nami. Akasema taratibu, midomo ameifungua vizuri, "Zote zinagonga. Na hiyo ya tatu inagonga kuliko wenzake."

Nikaanza kujipangusa grisi mikononi.

"Tangu lini, ndugu yangu?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Nikamwakia. Nikamwambia gereji ina kelele, nikamwambia mpira umezeeka, nikamwambia yeye naye ana dharau tangu zamani. Alingoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ya rasharasha. Kisha akasema kuna daktari wa masikio kwenye zahanati kubwa, niende kesho. Nikasema siendi. Daktari atasema yale aliyomwambia baba, na likishasemwa halirudi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Waya alisema.

"Hata hilo sikulisikia vizuri," nikamjibu, na ajabu ni kwamba tulicheka wote wawili, yeye machozi yanamlenga na mimi vilevile.

Basi tukarudi kwenye gari, maana mikate haingoji masikio ya mtu. Nikamwendea Mama Mikate nikamwambia nimekosea, si waya, nozeli imeziba, na gari lake atalipata leo. Alishukuru kana kwamba nimempa gari jipya. Tukalegeza bomba la mafuta lililopita juu ya nozeli, nikaichomoa ya tatu. Kichujio chake cha ndani, ambacho hakizidi punje ya mchele kwa ukubwa, kilikuwa kimefungwa na ute mweupe. Nikaufikicha kwa vidole.

"Mama, petroli unanunua kwa kutumia nini?"

"Kuna kidumu changu."

"Kilikuwa cha nini?"

Akafikiri. "Huwa kinakaa palepale kwenye unga."

Nilimgombeza, na kwa kuwa nilikuwa na hasira zangu nyingine nilimgombeza zaidi ya kipimo. Nikamwambia watu wa magari ya zamani ndivyo mlivyo, mnaingiza uchafu kwa mikono yenu, halafu mnalaumu gari. Akainamisha kichwa akasema kweli, fundi.

Nikaunganisha nozeli na bomba la sindano lililojaa dawa ya kusafishia, Waya akagusisha nyaya zake kwenye betri, nikasukuma. Mara ya kwanza ulitoka uzi mmoja wa dawa, umepinda, kama mkojo wa mtoto. Nikailoweka, nikaipiga dawa kutoka upande wa chini, nikaigeuza, nikarudia. Kila Waya akigusisha nyaya nilihisi pigo dogo kwenye vidole vyangu, tik, tik. Vidole vilikuwa vinasikia. Baadaye uzi ule ukafunguka, ukawa ukungu mpana uliotandazika hewani, na Mama Mikate akapiga makofi.

Tuliporudisha kila kitu na kuwasha, niliweka kiganja juu ya bodi. Gari lilikuwa limetulia. Mama Mikate akalizungusha mpaka kilimani na kurudi, anapiga honi njia nzima, wanavyosema. Gereji nzima ilishusha pumzi siku ile isipokuwa mimi.

Kesho yake nikavaa shati safi, nikamwambia mke wangu naenda kazini, nikaenda zahanati. Nilitaka kugeuka mara kadhaa njiani, na kilichonizuia ni aibu kwa Waya tu. Chumba cha daktari wa masikio kilikuwa kidogo, kina kiti cha kuzunguka, sinki, kabati la kioo, na picha kubwa ya sikio lililopasuliwa ukutani. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Amevaa barakoa. Alisema kitu, barakoa ikacheza, na mimi sikuambulia hata herufi. Nikabaki nimemkodolea macho. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona jinsi nilivyokuwa nimezama.

Alielewa. Akaivuta barakoa chini ya kidevu. "Kaa hapa, baba. Tuanze na la kulia."

Akachungulia kwa taa yake ndogo. Akachungulia sana. Akahamia la kushoto, akarudi la kulia. Nilijua hizo dalili, maana mimi pia nikikuta injini imekufa huwa nachungulia sana kabla ya kumwambia mwenye gari. Nikaanza kupanga nitakavyomwambia mke wangu. Nikaona itabidi nimwandikie, na hapo moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu.

Daktari akakaa mbele yangu. "Huwa unaingiza nini humu?"

"Siingizi kitu."

"Baba."

"Siingizi kitu, daktari. Labda mpira."

"Mpira gani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kushindilia ili sauti isivuje, akavua miwani akaanza kuifuta, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Akanipa bakuli la chuma nilishike mwenyewe chini ya sikio. Akavuta maji ya uvuguvugu kwenye bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, akasukuma. Kichwa kilizunguka. Akasukuma tena. Nikasikia mvumo, kama bomba la maji linapofunguka baada ya mgao mrefu, kisha kitu kikadondoka kwenye bakuli.

Na sauti zikaingia zote pamoja bila kupiga hodi. Feni. Bomba la sinki linadondosha matone. Viatu vya mtu kwenye korido. Kiti changu mwenyewe kilikuwa kinalia, maskini, na sijui kilianza lini.

"Usisimame, bado la kushoto," daktari alisema. Alikuwa amerudisha barakoa, na nilimsikia.

Alipomaliza na la kushoto niliangalia ndani ya bakuli, nikaona madonge mawili meusi, magumu, ukubwa wa njugu. Akayageuza kwa kibano. Ilikuwa nta ya masikio, grisi, na punje punje za mpira uliokuwa ukimomonyoka kwa uzee. Akanieleza kwamba kila nilipokuwa nasikiliza gari nilikuwa nashindilia donge ndani zaidi, na nilipohamia sikio la pili nikalifanyia hivyohivyo. Nikamwambia hofu yangu, habari za baba na nyundo yake. Kisha akanivisha vipokea sauti, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio, hata ile midogo inayokuja kama mbu wa mbali.

"Masikio yako ni mazima," alisema. "Yana uchovu kidogo wa gereji, lakini ni mazima. Ya baba yako yalikuwa mambo mengine kabisa."

Nililia. Sioni haya kusema. Mtu mzima, shati limelowa maji mabegani, nimeshika bakuli, nalia kwa furaha mbele ya picha ya sikio.

Alipoona nimetulia akaninyooshea kidole. "Unaingiza uchafu kwa mkono wako mwenyewe, halafu unalaumu masikio."

Nikacheka mpaka nikashindwa kumweleza kwa nini nacheka. Nyani haoni kundule. Akanikataza mpira ule. Kama lazima nisikilize, nichukue bisibisi ndefu, niguse gari kwa ncha na niweke mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, nje, si ndani.

Sikwenda gereji. Nilimpigia Waya simu nikamwambia "nta tu," akauliza "kitu gani?" nami nikamwambia aende akapimwe masikio. Kisha nikatembea kuelekea nyumbani polepole kama mgeni wa mji. Kumbe mtaa wetu una kelele namna hii! Ndala zinapiga kisigino, funguo zinalia mifukoni, mtu anachana karatasi dirishani. Nilikuwa nimesahau kwamba vitu vidogo vinasema. Nilitamani kumshukuru kila mmoja.

Cherehani niliisikia kabla sijafika getini. Nikasimama nje kidogo, naisikiliza, halafu nikaingia.

Mke wangu aliniona. Mguu ukasimama, akavuta pumzi, kifua kikajaa. "BABA WATOTO! MBONA MAPEMA?"

"Mke wangu, niko hapa mlangoni, siko ng'ambo ya mto. Punguza sauti, kichwa kinaniuma."

Alinitazama. "Umesema nini?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya kawaida.

"Nimesema punguza."

Akashusha zaidi. "Hata hivi?"

"Hata hivyo."

Akachukua kitambaa alichokuwa akishona, akajifunika mdomo, na nyuma ya kitambaa nikasikia, kwa chini kabisa, "Na hivi?"

"Na hivyo. Midomo siioni na nimesikia."

Kitambaa kikamwanguka. Nikamweleza yote, gari la Mama Mikate, Waya, bakuli, madonge mawili. Akacheka huku analia, anapiga paja lake. "Nta? Koo langu limekwisha kwa sababu ya nta?"

Ndipo akaniambia. Alikuwa amejua mapema kuliko mimi. Alikuwa amewaambia watoto wapaze sauti wakiwa na mimi na wasiniulize kwa nini. Alikuwa amemwambia mwenye duka, na jirani wa kushoto, na yule mzee wa pembeni anayetengeneza viatu.

"Nani mwingine alijua?" nikauliza.

"Nani hakujua?" Akafikiri kidogo. "Waya sikumwambia. Kazi ni yako, sikutaka iharibike kupitia mdomo wangu."

Na mimi nilikuwa nimenuna miezi yote ile, nikidhani amechoka kuniona! Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwuliza kwa nini basi hadithi zake zilikwisha, mbona akawa mtu wa maji ya kuoga na geti tu.

"Hayo ya maji na geti yalikuwa ya kupigia kelele," alisema. "Mengine nitayapigiaje kelele? Jirani angesikia."

Akaniangalia kuona kama nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Akarudi kwenye cherehani yake, akanipa mgongo, akainama kukata uzi kwa meno. 

"Niliogopa," alisema, kwa sauti ndogo, akiwa bado ameinama.

"Nimesikia."

"Sikuwa nasema na wewe."

"Najua," nikasema, nikavuta kiti. "Endelea."